Tufunue nini na tufiche nini tunapojifunza kwa wenzetu wa biashara ndogo?

Msaga Viungo, Morogoro

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, na rika langu habari za kazi.

Huu ni mwaka wangu wa tano katika kazi ya kusaga na kufungasha viungo hapa Morogoro. Mdalasini, karafuu na pilipili manga huletewa na mama mmoja anayeshuka nazo kutoka Kinole na Matombo, na tangawizi na binzari huzifuata mwenyewe kwa wakulima wa Mkuyuni, kisha hukausha, husaga na kufunga pakiti za gramu 50 na gramu 100. Jina la biashara nimekwisha kulisajili kwa wakala wa usajili, BRELA, na sasa nimo katika safari ya kutafuta alama ya ubora ya shirika la viwango, TBS, kwa kupitia shirika la viwanda vidogo, SIDO. Nayaeleza haya ili mjue ni kazi ya namna gani, kwa kuwa swali langu limetokana na kuifanya peke yangu.

Mtu aliyeajiriwa hujifunza hata asipokusudia. Akikosea, aliyekaa meza ya pili humwambia. Akikwama, kuna mkubwa wa kumwuliza. Na kila anapopita kwenye korido husikia jambo. Mimi nikikosea ninaingia hasara kwanza, na ndipo ninapojua kwamba nilikosea. Mwaka jana, wakati wa masika, pakiti zaidi ya 300 za unga wa tangawizi ziliganda mabonge zikiwa madukani, nikazikusanya zote na kuzirudisha nyumbani. Mpaka leo sina hakika kosa lilikuwa kwenye kukausha, kwenye kusaga au kwenye mifuko.

Nimejaribu kutafuta wenzangu. Nilijiunga na kundi la WhatsApp la wasindikaji lenye watu zaidi ya 200, lakini kuanzia asubuhi hadi usiku ni matangazo: kila mmoja anauza na hakuna anayenunua wala kuuliza. Nimehudhuria semina mbili, nazo zilinifaa katika mambo ya jumla kama usafi, lebo na utunzaji wa kumbukumbu, ila nilipouliza kuhusu tangawizi yangu muda ulikuwa umekwisha. Nimekwenda pia kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane nikiwa na meza yangu. Pale watu husalimiana, hubadilishana namba, na baada ya hapo hakuna anayepiga simu.

Kuna jambo moja lililonivunja moyo, na ndilo lililonifanya niandike. Mwenzangu mmoja katika kazi hii alikuwa akija kwangu mara kwa mara, nami nikamfungulia kila kitu: ninapopata mifuko, bei ninayonunulia mdalasini, na hata hoteli mbili zilizokuwa zikichukua mzigo wangu kila mwezi. Baada ya miezi miwili hoteli moja iliniambia kwamba imepata mtu wa bei nafuu, nami nikamtambua mtu huyo kwa mifuko yake. Simlaumu sana kwa kutafuta riziki. Ninachojiuliza ni kama kosa lilikuwa kusema, au ni namna nilivyosema.

Kwa hiyo naomba mnisaidie kwa uzoefu wenu. Je, inawezekana watu wachache wanaofanya kazi inayofanana kujifunza kwa kweli, kila mmoja kwa mwenzake, bila kuumizana? Kama inawezekana, nini kifunuliwe na nini kifichwe? Na je, ni afadhali tuwe wa fani moja, au tuchanganyike?

Fundi Samani, Keko

Dada, pole kwa hasara na kwa hoteli. Naomba nikueleze yaliyotutokea sisi, kwa sababu mahali tunapofanyia kazi ni tofauti kabisa na upweke wako, na bado tulikuwa hatujifunzi.

Wanaoifahamu Keko ya Dar es Salaam wanajua kwamba mabanda yetu yamebanana. Nikiinua kichwa ninawaona mafundi 10 wakitengeneza vitanda na kabati kama vyangu. Tunaazimana misumeno, tunachangia gari la mbao, na mwenzako akizidiwa na oda anakugawia kazi. Ufundi wa mikono kwa kweli unaambukizana pale. Kijana akikaa miezi sita anajua kuunga mbao na kupiga vanishi, hata kama hakuna aliyemkalisha darasani. Lakini upo upande mmoja wa biashara ambao hauonekani kwa macho, nao ni hesabu. Mtu anaona jinsi ninavyoranda mbao, lakini hawezi kuona kama kitanda kile kimenipa faida. Kwa hiyo tuliishi miaka mingi bega kwa bega, kila mmoja akikisia bei kwa kusikiliza ya jirani, na jirani naye alikuwa amekisia kwetu.

Tulianza watu sita. Hatukuwa na katiba wala mwenyekiti. Tulikubaliana kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tutakaa kwenye banda la mmoja wetu, na mwenye banda ataleta kazi moja aliyoimaliza, na kuifungua hesabu yake yote mbele ya wenzake. Siku yangu ilipofika nilileta kitanda cha mninga nilichokiuza shilingi 450,000, nikasema kwa kujiamini kwamba nilipata faida ya 60,000. Niliandika ubaoni: mbao 210,000, vanishi na msasa 35,000, vijana wawili kwa siku nne 120,000, usafiri 25,000. Jumla 390,000. Ndipo mzee mmoja akaniuliza, "Pango la banda limeingia wapi?" Nalipa 150,000 kwa mwezi na natoa vitanda vitano, kwa hiyo kila kitanda kinabeba 30,000. Mwingine akauliza umeme, tukakadiria 8,000. Ikabaki 22,000, na hiyo ndiyo iliyokuwa ujira wangu mimi mwenyewe wa siku nne za kusimama juani. Vijana wangu walikuwa wananizidi mshahara katika banda langu.

Sijawahi kujifunza jambo kubwa kuliko lile, na sikulipata kwa mtu aliyenifundisha. Nililipata kwa sababu wenzangu waliniuliza maswali ambayo mtu wa nje hawezi kuyajua. Afisa wa benki hawezi kukuuliza kuhusu vipande vya mbao vinavyobaki, lakini fundi mwenzako atakuuliza, kwa kuwa yeye pia vinamrundikia.

Sasa nijibu swali lako. Katika mwaka ule wa kwanza hakuna aliyewahi kutaja mteja wake. Hatukukataza, ila tuliona wenyewe kwamba hesabu inaweza kufunguka yote bila jina la mnunuzi kuhitajika. Nadhani kwako hoteli ndiyo iliyokuwa ya kufichwa, na mifuko ilikuwa ya kusemwa.

Mhasibu wa Kujitegemea, Arusha

Nimeisoma hesabu ya kaka wa Keko kwa furaha, kwa sababu mimi huandaa vitabu vya biashara ndogo zipatazo 20, na kosa hilo la kutojilipa mwenyewe nalikuta karibu katika kila daftari. Ningependa kuongeza mambo mawili ya tahadhari ambayo watu huyapita kwa nia njema.

La kwanza ni bei. Watu wa fani moja wakikaa pamoja na kufungua gharama zao, mazungumzo hufika haraka mahali ambapo mmoja anasema, "Basi tukubaliane kwamba hakuna atakayeuza chini ya kiasi fulani." Hapo mmevuka mpaka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei kwa makubaliano, kumgomea kwa pamoja mnunuzi au muuzaji, na kula njama katika zabuni. Kujifunza namna ya kukokotoa gharama ni jambo halali kabisa na lenye manufaa. Kupatana juu ya bei ya kuuzia ni jambo jingine. Mnapokutana, fungueni kazi iliyokwisha kuuzwa, kama walivyofanya Keko, na msizungumzie bei mtakazotoza mwezi ujao.

La pili ni fedha. Vikundi vyetu vingi vina desturi ya kuanza kuchangishana na kukopeshana ndani ya miezi michache, na desturi hiyo ina faida zake, lakini ijulikane kwamba inabadilisha kikundi. Kisheria, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kikundi cha kijamii kinachoweka akiba na kukopeshana kinatakiwa kusajiliwa, na usajili huo hufanyika kwenye halmashauri. Kitabia pia kinabadilika, kwa sababu mtu anayedaiwa na kikundi hawezi kusimama mbele yake na kukiri kwamba biashara yake mwezi huu imekwenda vibaya. Atasema mambo ni mazuri, ili asitiliwe shaka. Nimeviona pia vikundi vilivyoundwa kwa ajili ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo ni msaada wa kweli kwa anayeuhitaji. Hata hivyo kikundi kilichokutanishwa na mkopo huzungumza mkopo, na siku fedha inapogawanywa wengi hawaonani tena hadi siku ya marejesho. Ushauri wangu ni kwamba kikao cha kujifunza kisiwe na sanduku la fedha. Kama mnataka VICOBA, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kianzisheni siku nyingine, hata kama watu ni walewale.

Kuhusu siri: katika kazi yangu mimi sina hiari, kwa kuwa vitabu vya mteja si vyangu kuvionyesha. Hata hivyo tuko wahasibu watano tunaokutana kila robo mwaka, na tunajifunza sana, kwa kusimulia tatizo bila kumtaja mwenye nalo. Mtu husema, "Nina mteja wa duka la vifaa vya ujenzi ambaye stoo yake hailingani na vitabu," na hiyo inatosha kabisa. Nimegundua kwamba kulazimika kuondoa majina humfanya mtu aelewe tatizo lake vizuri zaidi kabla hata hajajibiwa, kwa kuwa anatenganisha lililo la kazi na lililo la mtu.

Mtafsiri, Mombasa

Hamjambo nyote. Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka, nami naomba kutofautiana kidogo na walionitangulia, kwa sababu wote wawili wamezungumzia vikundi.

Huku kwetu kila mtu yumo kwenye chama, yaani kikundi cha kuchangishana fedha. Mimi nimekuwa katika vyama vitatu na sikatai kwamba vilinisaidia kununua kompyuta na kulipa karo, lakini kazi yangu ya kutafsiri haikukua hata kidogo kupitia huko. Iliyonikuza ni mtu mmoja. Yeye yuko Dar es Salaam, nami Mombasa, na kwa miaka minne sasa tunasomeana kazi: kila mmoja kabla ya kuikabidhi kazi kwa mteja humtumia mwenzake kurasa mbili au tatu, zile ambazo mkataba haukatazi kuzionyesha, naye huzirudisha na masahihisho.

Mwanzoni iliniuma. Nilikuwa najiona gwiji, kisha nikaona kurasa zangu zimejaa alama nyekundu. Niliandika "shule ya upili" katika kijitabu cha wasomaji wa Tanzania, naye akanionyesha kwamba wao husema "sekondari". Yeye naye nilimrekebisha alipotafsiri kwa ajili ya wasomaji wa Kenya bila kuzingatia maneno ya "ugatuzi" na "kaunti" yaliyokita mizizi baada ya Katiba ya 2010. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba alinionyesha sentensi zangu zilivyokuwa zikinyooka kwa mpangilio wa Kiingereza, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniambia, kwa kuwa mteja akichukizwa haelezi, anahama tu.

Nikirudi kwako dada wa Morogoro, ninaona ulikosea katika jambo moja, na nalisema kwa upendo. Wewe ulifunua, yeye hakufunua. Alikuwa anakuja kwako, wewe huendi kwake. Mimi na mwenzangu tuna kanuni isiyoandikwa kwamba ukurasa kwa ukurasa. Nisipotuma changu, sipokei chake. Anayejiweka wazi huogopa kumtumia mwenzake vibaya, kwa sababu naye ameshikwa. Nisingeanza na watu sita. Ningemtafuta mmoja, nikampa jambo dogo, nikasubiri kuona ananipa nini, na baada ya hapo ndipo ningeongeza.

Halafu kuhusu umbali: mimi na yeye hatugombanii wateja kwa kuwa soko langu liko Kenya na lake liko Tanzania, na nadhani hilo limetuepusha na majaribu mengi. Msaga viungo wa Tanga au Zanzibar anaweza kuwa mwenzako bora kuliko wa mtaa wa pili, kwa sababu anajua kila kitu unachokijua na hana haja na hoteli zako.

Msindikaji, Tanga

Nitaandika kwa ufupi kuhusu tangawizi, kwa kuwa nimeona imeachwa.

Nilipata tatizo hilohilo na nililimaliza kwa kubadilisha mambo matatu. Kata vipande vyembamba na vinavyolingana, kwa sababu kipande kinene hukauka nje na kubaki na maji ndani, na mkono haukwambii. Usianze kusaga mpaka kipande kivunjike kwa mlio, kikipinda, bado. Na baada ya kusaga usifunge unga ukiwa na joto la mashine: utandaze kwenye sinia safi ndani ya chumba kikavu, upoe kabisa, ndipo ufunge. Joto lile likifungiwa hutoa mvuke, mvuke hugeuka matone ya maji ndani ya mfuko, na unga huyanyonya. Nina hakika kubwa kwamba pakiti zako ziliharibika hapo, hasa kwa kuwa ilikuwa masika na hewa yenyewe ilikuwa imejaa unyevu. Siku za mvua mimi husaga asubuhi ambayo jua limetoka au siku hiyo sisagi.

Pima pia uzito unaoupata baada ya kukausha. Mimi nikinunua kilo 5 za tangawizi mbichi napata takribani kilo 1 kavu. Kama wewe unapata kilo 1 na nusu kwa kilo hizohizo 5, usifurahi, kwani hiyo nusu huenda ni maji. Na unyevu ukiachwa, baada ya mabonge hufuata ukungu, na hapo tunazungumzia sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na afya za watu.

Mimi nami nina tatizo: binzari yangu inapoteza rangi. Naichemsha kabla ya kuianika kama nilivyofundishwa, lakini rangi inakuja imepauka. Wewe unafanyaje?

Msaga Viungo, Morogoro

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimesoma majibu haya mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na daftari.

Kaka wa Tanga, kwanza nikujibu, maana mtafsiri amesema ukurasa kwa ukurasa. Rangi ya binzari ilinisumbua mwaka wangu wa pili. Nilikuwa naichemsha kupita kiasi, tena mizizi mikubwa na midogo katika sufuria moja, hivyo midogo iliiva na kulegea wakati mikubwa bado ni mibichi katikati. Siku hizi naitenga kwa ukubwa, naipua pale kijiti kinapopenya bila nguvu, na naianika kivulini penye upepo badala ya jua kali la wazi. Jua la moja kwa moja hufifisha ile manjano. Jaribu kwa kilo mbili kwanza, uniambie. Nami kesho naenda kupima tangawizi yangu, kwa sababu nimeangalia kumbukumbu zangu na nimeona kwamba ule mzigo ulioganda ulinipa karibu kilo 7 kwa kilo 25 mbichi, kumbe kwa kipimo chako ulipaswa kuwa kilo 5. Nilifurahi siku ile nikidhani wakulima wamenipa tangawizi nzuri.

Kwa fundi wa Keko: nimejaribu kuandika hesabu ya pakiti moja ya mdalasini ya gramu 50 kama ulivyofanya kitanda, na nimekwama kwenye muda wangu wa kuchambua magome, ambao sijawahi kuuhesabu hata siku moja. Naogopa nitakachokikuta, lakini nitamaliza.

Mhasibu, nimekuelewa kuhusu sanduku la fedha. Mama mmoja tuliyefahamiana kwenye semina ya usindikaji alikwisha kunipendekezea tuanze kwa kuchangishana 20,000 kila wiki, nami nilikuwa nimekubali. Nitamwomba tutenganishe siku. Yeye anatengeneza siagi ya karanga, kwa hiyo mifuko, lebo, TBS na unyevu vinatuhusu sote, na wanunuzi wetu hawagongani sana. Tumepanga Jumamosi ya wiki ijayo, kwake, kisha inayofuata kwangu. Mimi nitafika na pakiti nne zile zilizoganda, ambazo nilizihifadhi, na yeye nimemwomba alete chupa zilizojitenga mafuta juu. Majina ya hoteli na maduka tutayaacha nyumbani.

Kaka wa Tanga, nitakutumia picha za mizizi niliyoitenga kwa ukubwa mara nitakapochemsha mzigo mpya, na naomba nawe unitumie za vipande vyako vya tangawizi ukiweka sarafu pembeni, nione unene.